Chumba cha Sita

"Mama aliyeandika ripoti hii hakushuka kwenye gari."

Hapo ndipo tulipomwacha Mzee Shariff wiki iliyopita, amesimama mbele ya kamati na kitabu cheusi kifuani. Jeruto alikuwa ameinua glasi ya maji. Haikufika mdomoni.

Kwa aliyechelewa: Jeruto ni mkaguzi wa majengo ya serikali. Ana diploma yake, ana mume, ana binti wa miaka tisa, na nyumba ya kupanga mtaani Free Area, kule Nakuru. Ripoti yake inasema ofisi kongwe ya usajili ya Molo, Jengo Namba Tisa, imeoza na ni hatari kwa umma. Jengo hilo linalindwa na sheria. Halibomolewi, haliuzwi, hata mti wa uwanjani haukatwi, mpaka wawakilishi wa wodi wapige kura kuliondoa kwenye orodha. Kura ilikuwa ipigwe asubuhi hiyo hiyo, pale Nakuru. Wajumbe walikuwa wanasubiri ripoti ya Jeruto isomwe tu.

Na ripoti ilikuwa ya uongo. Jeruto alijua. Sasa kumbe kuna mwingine anayejua.

"Mzee, wewe ni nani?" Mheshimiwa Safiyo, mwenyekiti wa kamati, aliuliza.

"Askari wa geti la Namba Tisa, mheshimiwa. Miaka thelathini na moja. Hiki ni kitabu cha OB, cha kuandika matukio. Kila anayefika pale namwandika, na saa yake."

"Soma."

Mzee Shariff alisukuma miwani yake juu ya pua. Alisoma polepole, kama mtu asomaye barua ya mwenzake.

"Jumanne, tarehe kumi na mbili Agosti. Saa nne na dakika kumi. Mvua. Gari jeupe la serikali limesimama nje. Dereva na mama mmoja. Nimewafungulia geti. Hawakuingia. Uso wa mama sijauona, kioo kina mvuke. Ameshusha kioo kidogo, ametupa maganda ya njugu. Ameandika kwenye faili dakika kumi na moja. Amepokea simu. Wameondoka. Maganda nimeyafagia."

Mtu alicheka. Alikuwa Mheshimiwa Jerry, kijana wa kiti cha nyuma, anayecheka hata kwenye matanga.

"Maganda nimeyafagia!" alirudia. "Mzee, wewe ni hatari!"

Jeruto aliweka glasi mezani. Shingo ilimwaka moto. Njugu alizikumbuka. Zilikuwa za chumvi.

Ofisini kwao jambo hilo lina jina. Wanaliita ukaguzi wa getini. Unasimama getini, unaangalia paa, unajaza fomu. Idadi ya vyumba unaitoa kwenye ramani iliyo kabatini. Wote hufanya hivyo. Wakubwa wanajua. Hakuna aliyewahi kuulizwa.

Hata hivyo, siku ile alikuwa na nia ya kushuka. Alikuwa amevaa buti. Ndipo Kibii, mumewe, alipopiga simu.

"Jepkemei anachemka homa. Niko naye hapa nyumbani. Wacha kazi ukuje."

Jeruto alimalizia fomu kwenye goti, akaweka sahihi, akamwambia dereva ageuze gari. Alipofika Free Area alimkuta binti yake uani anaruka kamba. "Imeshuka, nimetoka kidogo dukani," Kibii alisema kwa simu. Homa za watoto huja na kuondoka. Jeruto alimshukuru Mungu akaingia jikoni.

"Bi Jeruto," Mheshimiwa Safiyo alisema, "unasemaje?"

Karatasi ndogo ilisukumwa chini ya meza ikagusa mkono wake. Bwana Karanja, mkubwa wake wa kazi, alikuwa anatazama dari kama mtu anayehesabu balbu. Karatasi ilisema: ULIRUDI ALHAMISI.

Jeruto angeweza kuikunja ile karatasi. Angeweza kusema, mheshimiwa, nimekosa. Lakini aliwaza karo, aliwaza kodi ya nyumba, aliwaza kucheka kwa Jerry.

"Nilirudi, mheshimiwa. Siku mbili baadaye, Alhamisi. Nikakagua ndani. Mzee hakuwepo."

"Alhamisi?" Mzee Shariff aliuliza. Hakupaza sauti. "Alhamisi ndiyo siku ninayopaka sakafu nta, mwanangu. Sijakosa Alhamisi."

Hapo bado kulikuwa na nafasi ya kunyamaza. Jeruto hakuitumia.

"Kwa heshima, mheshimiwa, huyu mzee haoni vizuri. Angalieni hiyo miwani. Mkono mmoja umefungwa na uzi."

Watu wote waliangalia miwani. Kweli, uzi ulikuwepo, mweusi, umefungwa mara nyingi. Mzee Shariff aliivua, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena.

Jeruto alikaa. Mama yake mzazi angemsikia, angemzaba kofi pale pale.

"Basi ni rahisi," Mheshimiwa Safiyo alisema akifunga faili. "Saa nane tukutane Molo. Mkaguzi atatupitisha kwenye vyumba sita alivyovikagua. Kura tutapigia huko huko."

*

Karanja alipanda gari moja na Jeruto. Walipomaliza mzunguko wa kutoka mjini, alianza.

"Ukifika usiongee mingi. Fungua mlango, onyesha, funga. Sema baridi imewashika, wataharakisha."

"Boss, mimi sijawahi kuingia hiyo nyumba."

"Nyumba za mkoloni zote ni moja. Korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule. Si ulichora kwenye ripoti?"

"Nilinakili ramani ya ile nyumba ya Lanet."

Karanja aligeuka kumtazama. "Na ya Molo si ni kama ya Lanet?"

"Sijui, boss."

Micah, dereva, alikohoa. Ndiye aliyeendesha siku ile ya Agosti. Njugu walikula pamoja.

"Madam," alisema bila kugeuka, "mimi ni dereva tu, sikagui nyumba. Lakini wakiniuliza, sitadanganya. Mimi ni mtu wa kanisa."

Karanja aliinamia simu yake mpaka Molo.

*

Kama ulikuwa unangoja gofu, sahau.

Namba Tisa ilisimama nyuma ya foleni ya malori ya viazi, ya mawe, imara, paa lake jekundu halina hata bati lililoinuka. Nyasi zilikuwa zimekatwa. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa, moja baada ya jingine, hadi mlangoni. Miberoshi ilipandwa kwa mstari. Ofisi ilihamishwa miaka minne iliyopita. Hakuna aliyemwambia Mzee Shariff aache kufagia, naye hakuacha.

Mheshimiwa Jerry aliingia wa kwanza, akateleza, akakaa chini kwa kishindo.

"Hii ndiyo sakafu imeoza?" alipiga kelele akishika kiuno. "Hii ni kioo!"

Mzee Shariff alimsaidia kusimama, akamwomba radhi, kisha akamgeukia Jeruto. Alimpa rundo la funguo kwa mikono miwili.

"Karibu, madam. Wewe unaijua njia."

Laiti angesema kwa kejeli! Alisema kwa adabu, kama mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni. Jeruto alishindwa kumtazama usoni.

Alichagua mlango wa kwanza kushoto. Alijaribu funguo nne. Wa tano ukafungua.

Ndani mlikuwa na fagio mbili, kopo la nta na mkeka wa kuswalia.

"Waheshimiwa," Jerry alisema, "chumba cha kwanza kina upana wa fagio mbili."

Walicheka wote. Hata karani wa kamati alicheka. Jeruto alifunga mlango taratibu, ungedhani kuna mtu amelala ndani.

Walipita chumba kimoja, kikavu. Cha pili, kikavu, na rafu tupu zilizokuwa na vitabu vya vizazi na vifo vya watu wa Molo. Cha tatu. Cha nne. Kisha korido ikaisha.

Mbele yao kulikuwa na ukuta.

Mheshimiwa Safiyo alifungua ripoti. "Nasoma maneno yako, Bi Jeruto. 'Chumba cha sita: paa limeoza, maji yanaingia, ukuta una ufa wa kutosha mkono kupita.' Mimi nataka kuuingiza mkono wangu hapo. Kiko wapi?"

Jeruto aliutazama ukuta. Ulikuwa mzuri, umepakwa rangi ya maziwa, hauna hata alama ya msumari. Wajumbe saba walikuwa nyuma yake. Alisikia pumzi zao. Alitamani ukuta ule ufunguke ummeze.

"Kiko wapi, madam?" mwenyekiti alirudia.

Karanja alianza kusema kitu kuhusu baridi.

"Kilikuwepo," Mzee Shariff alisema.

Kila mtu aligeuka.

"Cha sita kilikuwa nyuma, waheshimiwa. Kile cha kuni. Kilianguka mwezi wa tisa, baada ya madam kukikagua. Cha tano ni hicho cha fagio." Alitazama viatu vyake. "Na hiyo Alhamisi, sasa nakumbuka, nilikuwa msikitini. Uzee, mheshimiwa. Naomba radhi."

Karanja karibu apige makofi.

"Mnaona? Mzee mwenyewe amethibitisha! Mheshimiwa, tutie sahihi twende, baridi hii itatuua."

Karani alitandaza karatasi kwenye ukuta mfupi wa varanda. Wajumbe walikuwa saba, na sahihi nne zingetosha. Sahihi nne, na Namba Tisa ingetoka kwenye orodha ya sheria, na kesho asubuhi tingatinga lingekuwa halali. Jerry alitia ya kwanza, bado anajishika kiuno.

Jeruto alibaki kwenye korido na mzee.

"Kwa nini umesema hivyo?" alinong'ona. "Si unajua sikuingia?"

"Najua."

"Wataibomoa."

"Huenda."

"Basi kwa nini?"

Mzee Shariff alichukua funguo kutoka mkononi mwake, akaanza kuzipanga upya.

"Siku ile uliposhusha kioo niliona sweta ya shule kwenye dashibodi. Ndogo, kiwiko kimetoboka. Una mtoto. Asubuhi nilisimama kuitetea nyumba, sikusimama kukuumbua wewe. Nilipowaona wanakucheka…" Alitikisa kichwa. "Mimi nimelelewa na watu wa Lamu, mwanangu. Kwetu mtu akivuliwa nguo mbele za watu, unamtupia chako ajifunike. Hata kama ni yeye aliyekutusi."

Alikuwa hajaisahau miwani. Alikuwa ameisamehe tu.

Wasomaji wangu, kuna aibu ya kukamatwa, na hiyo hupita. Hii ya kufunikwa na mtu uliyemdhalilisha haina pa kupitia.

Huko varandani karani alisema, "Ya tatu imeshatiwa. Mheshimiwa mwenyekiti?"

Mheshimiwa Safiyo alishika kalamu.

"Ngojeni!"

Buti za Jeruto zilipiga sakafu. Karanja alimwona uso, akaelewa, akanyoosha mkono kumzuia. Jeruto aliusukuma.

"Mheshimiwa, usitie sahihi. Hakuna chumba cha sita. Hakijawahi kuwepo. Nilinakili vyumba kutoka ramani ya nyumba nyingine. Ufa niliubuni, paa pia. Sikurudi Alhamisi wala siku nyingine. Niliandika ripoti nzima ndani ya gari nikila njugu, kama mzee alivyosoma."

Lori la viazi lilipiga honi barabarani.

"Jeruto," Karanja alisema kwa sauti ya chini, "umejimaliza."

"Nimejimaliza. Na ile karatasi uliyonipitishia chini ya meza bado ninayo, boss."

Karanja alirudi nyuma hatua moja.

Kama unadhani Mheshimiwa Safiyo alimkumbatia, humjui. Aliweka kalamu mfukoni na kumtazama Jeruto kuanzia buti hadi kitambaa cha kichwa.

"Ulimwita mzee huyu kipofu."

"Nilimwita."

"Mbele za watu."

"Mbele za watu."

"Basi ujue pa kuanzia."

Jeruto alimgeukia Mzee Shariff. Alikuwa amejipanga kusema maneno mazuri. Hayakuja. Alipiga magoti pale kizingitini, akainamisha kichwa, na kwenye ile sakafu ya nta akauona uso wake mwenyewe, wazi kabisa, macho, pua, mashavu yaliyolowa.

"Mzee, nisamehe. Unaona vizuri kutushinda sisi wote."

"Inuka, mwanangu," mzee alisema. "Sakafu ina baridi."

Hata Jerry hakucheka.

Mheshimiwa Safiyo alichukua zile karatasi zenye sahihi tatu, akazichana vipande viwili. "Ripoti hii imekufa. Namba Tisa inabaki kwenye orodha. Bi Jeruto, kesho saa mbili utaandika maelezo yako, na mimi siahidi kwamba utakuwa na kazi ifikapo saa tatu."

"Sawa, mheshimiwa."

"Lakini kuna kitu kinanisumbua." Alimtazama Karanja, aliyekuwa ghafla ameshughulika na simu yake. "Mvua inanyesha, mkaguzi hashuki, na bado ripoti inafika mezani kwangu wiki hiyo hiyo. Haraka ya nini? Mzee, siku hiyo alikuja mtu mwingine?"

"Walikuja, mheshimiwa. Asubuhi mlinikatiza kabla sijafika hapo."

"Soma."

Mzee Shariff alifungua OB, akasukuma miwani juu. Alisoma kwa sauti ile ile, bila kujua anachokibeba.

"Saa nne na dakika thelathini. Pikapu ya bluu imekuja kutoka upande wa stesheni. Ilikuwa imeegeshwa huko tangu kabla ya gari la serikali, nadhani ilikuwa inangoja liondoke. Wanaume wawili. Wameingia na kamba ya kupimia na vigingi. Nimewauliza barua. Yule mrefu amesema barua inaandikwa. Wamepima uwanja wote mpaka kwenye miberoshi. Wamegawanya vipande kumi na viwili."

Wajumbe walianza kunong'onezana. Ploti! Ploti kumi na mbili kwenye uwanja wa serikali, kabla hata ya hoja kufika kwenye kamati!

"Namba ya gari?" Mheshimiwa Safiyo aliuliza.

"Imepakwa tope, sikuisoma. Lakini nimeandika hapa: taa ya nyuma ya kushoto imevunjika. Imebandikwa selotepu nyekundu, mistari mitatu, ncha moja inaning'inia."

Jeruto alishika nguzo ya varanda.

Mistari mitatu. Aliibandika yeye mwenyewe kwenye pikapu ya mumewe, Jumapili ya mwezi wa saba, uani kwake Free Area. Mkasi ulikuwa umepotea, akaikata selotepu kwa meno. Kibii alikuwa amesimama nyuma yake akimsifu. "Wewe mke wangu ni fundi," alisema.

Saa nne na dakika ishirini Kibii alikuwa nyumbani na mtoto mwenye homa. Hivyo ndivyo alivyosema. Kutoka Free Area hadi Molo ni mwendo wa saa nzima.

Na mtoto alikuwa anaruka kamba.

Sio kazi iliyomwondoa getini. Sio mvua. Aliitwa kwa jina la binti yake, kama kuku anavyoitwa kwa mtama, ili mtu mwingine aingie. Na ile sahihi aliyoiweka kwenye goti kwa haraka ya mama, ilikuwa ndiyo ile barua inayoandikwa.

"Pikapu hiyo ni ya nani?" Mheshimiwa Safiyo aliuliza. "Kuna mtu hapa anaijua?"

Karanja aliinua macho kutoka kwenye simu yake. Alimtazama Jeruto moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitabasamu. Alijua. Alijua tangu mwanzo.

Mfukoni mwa Jeruto simu ilitetemeka. Aliitoa. Ujumbe wa Kibii.

*Shule wamepiga. Jepkemei anachemka homa. Wacha kazi ukuje.*

Maneno yale yale. Yale yale kabisa. Lakini asubuhi hiyo, wakati wa kumvisha sweta, paji la mtoto lilikuwa la moto kidogo. Alilihisi kwa mkono wake mwenyewe, akaharakisha kwenda kwenye kamati.

"Nimeuliza," Mheshimiwa Safiyo alisema. "Nani anaijua pikapu hiyo?"

Jeruto alisikia karatasi ikigeuzwa. Mzee Shariff alikuwa amefungua ukurasa mpya. Tayari alikuwa ameandika tarehe, na saa, na jina la Jeruto.

Alimtazama juu ya ile miwani ya uzi, kalamu ikingoja.

"Madam," alisema kwa upole, "niandike nini?"